Ankara na Mkataba wa Mpigapicha wa Kujitegemea: Andika Kile Anachonunua Mteja

Migogoro mingi ya malipo ambayo wapigapicha wenzangu hunieleza haitokani na bei. Hutokana na mteja kuamini kwamba amenunua picha zenyewe, huku mpigapicha akiamini kwamba ameuza ruhusa ya kuzitumia tu, na hakuna karatasi inayoonyesha ni yupi kati yao aliye sahihi. Kwa sababu hiyo, ninapoandaa mkataba huanza na kipengele cha matumizi ya picha, kisha ndipo ninapoingia kwenye fedha.

Chini ya mkataba wa kimataifa wa hakimiliki uitwao Mkataba wa Berne wa mwaka 1886, ambao marekebisho yake ya 1908 yalikataza usajili kufanywa sharti la ulinzi, hakimiliki ya picha hupatikana kazi inapoumbwa. Hata hivyo, sheria za nchi hutofautiana kuhusu nani anakuwa mmiliki wa kwanza, hasa pale picha inapopigwa kwa agizo la mteja au na mwajiriwa akiwa kazini. Usiiachie sheria ikujazie pengo ambalo sentensi moja ya mkataba ingeweza kuliziba: taja waziwazi kwamba hakimiliki inabaki kwako na kwamba mteja anapewa leseni, yaani ruhusa ya kuzitumia picha.

Leseni hiyo nayo inahitaji mipaka. Eleza picha zitatumika wapi (tovuti, mitandao ya kijamii, mabango, vifungashio), kwa muda gani, katika nchi zipi, kama mteja atakuwa mtumiaji pekee, na kama anaruhusiwa kuzikata, kuzibadilisha rangi au kumpa mtu mwingine. Hili la mtu mwingine ndilo ninalolisisitiza kuliko yote. Mteja mmoja alipewa picha kwa ajili ya tovuti na menyu yake, naye kwa nia njema akampelekea msambazaji wa bidhaa zake, ambaye aliziweka kwenye mabango ya barabarani. Kwa kuwa mkataba ulisema leseni haihamishiki, nilimwandikia msambazaji huyo nikinukuu kipengele husika, nikaambatanisha ankara ya matumizi ya ziada, naye akalipa bila mabishano. Bila kipengele hicho ningekuwa na malalamiko tu, wala si dai.

Unganisha leseni na malipo kwa maneno yasiyo na utata: ruhusa ya kutumia picha inaanza siku ankara inapolipwa yote. Kifungu hiki kina nguvu kuliko adhabu ya kuchelewa, kwa sababu anayetumia picha kabla ya kulipa anakuwa anazitumia bila idhini. Ukitaka pia kutoza adhabu, kiwango chake sharti kiwe kwenye mkataba na kiwe ndani ya kinachoruhusiwa na sheria. Huwezi kukibuni siku unapoandika ankara.

Malipo ya awali ni ya lazima, nami sipangi tarehe kabla hayajaingia. Yaeleze kuwa ni ya kuhifadhi tarehe hiyo, ambayo umewakatalia wateja wengine, na useme ni lini hayarudishwi. Kwa harusi na shughuli za familia, salio lilipwe kabla ya kukabidhi picha. Kampuni kwa kawaida huomba muda, mara nyingi siku 30, na hapo ninashauri uandike tarehe kamili ya mwisho wa kulipa, kwa kuwa maneno “ndani ya siku 30” huzua swali la kama zinahesabiwa tangu ankara ilipotolewa au ilipopokelewa.

Ankara yenyewe iwe na namba yake, tarehe, majina na anwani za pande zote mbili, maelezo ya kazi, kodi pale inapokuhusu, na akaunti ya kulipia. Kampuni ikiwa na namba ya oda ya ununuzi, iombe mapema, kwani mhasibu anaweza kuiweka kando ankara isiyo na namba hiyo bila kukujulisha. Rudia masharti ya leseni kwa ufupi ndani ya ankara, kwa sababu karatasi hiyo ndiyo itakayobaki kwenye mafaili yao mkataba ukishasahaulika. Ongeza pia kwamba akaunti haitabadilishwa kwa barua pepe peke yake, maana matapeli huingilia mawasiliano na kutuma akaunti zao.

Idadi ya picha zilizohaririwa, siku ya kuzikabidhi, mizunguko ya marekebisho, hatima ya faili ghafi (picha kabla ya kuhaririwa) na muda utakaozihifadhi vyote viandikwe. Usisahau idhini ya wanaoonekana pichani: kumiliki hakimiliki hakukupi haki ya kuweka sura ya mtu kwenye tangazo, kwa hiyo mkataba useme ni nani atakayekusanya saini zao, na za wazazi ikiwa ni watoto.

Wapo wateja wanaoogopa neno mkataba. Kwa hao, andika makubaliano yote katika barua pepe moja, waombe wajibu kwamba wameyakubali, na usitoke na kamera kabla jibu hilo halijafika.