Miche ya watoto inalala chini, tunakosea wapi?

SWALI: Habari mtaalamu. Nafundisha darasa la tatu, tumeanzisha bustani na watoto, tukasia nyanya na kabichi kwenye kitalu, zikaota vizuri tu watoto wakafurahi, afu wiki ya pili miche ikaanza kuanguka mmoja mmoja, sasa hivi nusu imeisha. Maji wanamwagilia kila siku bila kukosa. Kuna mtoto amelia kabisa. Ni wadudu, au mbegu mbovu? Na nipulizie dawa gani?

JIBU: Mwalimu pole sana, na huyo aliyelia mpe pole yangu, mwambie mche wake haukufa kwa uzembe wake.

Mbegu ziache, zingekuwa mbovu zisingeota. Nenda kang'oe mche mmoja uliolala, taratibu, halafu angalia pale shina linapotokea kwenye udongo. Ukikuta pamesinyaa pamekuwa pembamba kama uzi, pana rangi ya kahawia na majimaji, huku majani ya juu bado ya kijani, hicho ni kinyausi, ugonjwa wa miche michanga. Ila ukikuta shina limekatwa kama kwa wembe, basi fukua hapo hapo pembeni sentimita 2 au 3, utamkuta sota, kiwavi anayekata miche, kajikunja duara, rangi yake kama udongo, huyo anakula usiku na dawa yake ni kumtoa kwa mkono. Kwa ulivyoeleza mimi naona ni kinyausi.

Kinyausi kinaletwa na vimelea vinavyoishi kwenye udongo, wanaotajwa sana ni Pythium, Rhizoctonia na Fusarium. Wapo kwenye udongo mwingi tu na hawasumbui mpaka wapate unyevu usiokauka, miche iliyobanana na hewa isiyopita. Sasa hebu piga hesabu, watoto 40, kila mmoja kikombe kimoja cha robo lita, hizo ni lita 10 kwenye katuta kadogo, kila siku! Kwa mtoto kuupenda mche ni kuupa maji, hajui njia nyingine, kwa hiyo usiwagombeze na wala usiwanyime kazi, wabadilishie tu. Mtoto wa zamu aje asubuhi achomeke kidole kwenye udongo mpaka kiungo cha kwanza, kikitoka na udongo wa unyevu umeganda basi leo hakuna maji, kikitoka kikavu anamwagilia yeye na mwenzake kwa keni yenye matundu madogo, na anatangaza darasani. Utashangaa wanavyoipigania hiyo zamu ya kidole kuliko hata keni.

Miche iliyoanza kulala hairudi, itoe pamoja na udongo kidogo unaoizunguka, usiirudishe kwenye shimo la mboji. Iliyobaki isimamishie maji mpaka udongo wa juu ukauke, na kama umeweka kivuli kizito kipunguze ili jua na hewa viingie. Palipobanana punguza kwa mkasi, ukivuta unatikisa mizizi ya jirani. Shina likishakomaa kidogo hatari inapungua sana.

Dawa hapana mwalimu. Haifufui mche ulioanguka, na hilo ni tuta ambalo watoto wanaingiza vidole kila siku, mimi siwezi kukushauri upulizie kitu hapo.

Mkisia tena hamieni tuta lingine, liinuliwe sentimita 15 hadi 20 ili maji yasituame, na upana usizidi sentimita 60 maana mikono ya watoto ni mifupi, tuta likiwa pana watalikanyaga tu, na udongo uliokanyagwa unashika maji juu. Samadi iwe imeoza kabisa, ukiishika haina joto wala harufu kali, mbichi inaleta vimelea na hata kwa afya ya watoto haifai (mikono wanawe kwa sabuni hata hivyo). Mbegu ndogo kama hizo changanyeni na mchanga mkavu kwanza ndo msie kwenye mistari, sentimita 10 hadi 15 kati ya mstari na mstari, la sivyo mtoto anamwaga kiganja kizima sehemu moja. Tuta la zamani lilowesheni, lifunikeni kwa nailoni angavu, kingo zifukiwe, likae wiki 4 hadi 6 za jua kali, joto litapunguza hao vimelea.

Ila kakona kamoja msikafunike. Sieni mbegu chache hapo, kagaweni katikati kwa kijiti, upande mmoja wamwagilie kila siku kama walivyozoea, upande wa pili kwa kidole. Halafu kila asubuhi wahesabu wenyewe miche mingapi imesimama huku na mingapi kule, waandike ubaoni.