Jibu: Riba 3% tu, mbona marejesho makubwa hivi?

Mkuu, unashangaa umekopa milioni 1 kwa riba ya 3% kwa mwezi, miezi 12, na kila mwezi unarejesha 113,333. Hesabu ya waliokukopesha iko sawa. Fungua kurasa za nyuma za mkataba, kule kwenye maandishi ya sisimizi: kila mwezi riba inapigwa kwenye mkopo wote, siyo kwenye salio, yaani deni lililobaki. Hiyo ni riba ya 360,000 kwa miezi 12. Ingepigwa kwenye salio, ungelipa riba kama 205,500, rejesho 100,500 hivi. Asilimia ileile!

Cheki pia kipengele cha kulipa mapema. Wengine wanadai riba yote hata ukimaliza mwezi wa nne. Siku nyingine omba jedwali la marejesho kabla ya kusaini, ukalisome nyumbani. Wakikunyima, ondoka.