Flashi Haionekani? Usianze Kuilaumu PCManFM

Juzi msomaji wa Sakina, Arusha, kaniandikia usiku wa manane: "Kaka, nimeweka Debian na Openbox kama ulivyoshauri, ila PCManFM haioni flashi. Nirudi Windows?" (Debian ni aina ya Linux, Openbox ni programu nyepesi ya kusimamia madirisha, na PCManFM ni ya kufungulia mafolda na mafaili.) Nikacheka, halafu kicheko kikaniishia mdomoni. Swali hilohilo lilishanikosesha mteja.

Mnaonifuata mnajua nina steshenari ndogo hapa Moshi, jirani na soko la Mbuyuni. Kopi, kuprinti, kubaindi. Kompyuta yangu ni mzee wa RAM 2 GB, na nilihamia Linux kwa ajili ya virusi vya shotikati tu. Flashi ya mwanafunzi ikishazurura, ukiifungua kwenye Windows unakuta shotikati tupu, kazi yake imefichwa. Kwenye Linux mafaili yanaonekana, wakati mwingine yamerundikwa ndani ya folda isiyo na jina. Nimeokoa ripoti za watu wengi hivyo, na sijishushi: mtaa mzima walikuwa wakiniletea mimi.

Basi sifa zikanilevya. Nilipoweka mfumo upya nikataka uwe mwepesi kuliko wa mtu yeyote. Nikasakinisha PCManFM nikiongeza --no-install-recommends, yaani vifurushi vyote vya ziada vilivyopendekezwa nikavikataa. Mashine ikaruka kama swala. Nikapiga picha ya skrini, nikaposti.

Jumatatu asubuhi akaingia binti wa chuo, flashi nyekundu imefungwa kamba ya kiatu. Ripoti ya mafunzo kwa vitendo, inatakiwa kabla ya saa sita mchana. Nikachomeka. Taa ya flashi ikawaka. Kwenye PCManFM, kimya. Nikaichomoa, nikaifuta kwa shati, nikaichomeka tundu la nyuma. Kimya. "Mangi, kwani haisomi?" Nikamwambia subiri kidogo dada. Jasho linanitoka, na foleni inazidi kusogea mgongoni kwake. Mwisho akanyoosha mkono: "Samahani kaka, acha niende hapo jirani." Na jirani huyo ndiye anayeiita mashine yangu "ya bure" kila siku. Ukuta wetu ni mbao. Nilizisikia kurasa zake zikitoka, moja baada ya nyingine.

Jioni nilifunga mapema nikakaa nayo. PCManFM haikuwa na kosa. Habari za flashi yenyewe inaziuliza kwa gvfs, huduma inayoziunganisha programu na diski, na gvfs inaitegemea udisks2, huduma inayozitambua diski zenyewe. Ukichukua desktopu nzima kama LXDE au Xfce, kwa kawaida hivyo vinakuja vyenyewe. Mimi nilivifukuza mlangoni.

Kwa hiyo ukikwama, fungua terminali, lile dirisha la kuandikia amri, uandike lsblk. Flashi ikiwemo kwenye orodha, labda kama sdb1, acha kufuta tundu kwa shati: mashine imeiona, shida iko juu zaidi, kwenye programu. Kisha iwashe PCManFM kutoka humohumo kwenye terminali usome inalalamikia nini. Ila iue kwanza ile inayoendelea, killall pcmanfm, la sivyo dirisha jipya litafunguliwa na ile ya zamani na terminali haitakwambia neno. Hapa ndipo nilipopoteza saa mbili nzima, nikiitazama terminali bubu.

Dawa yangu ilikuwa apt install gvfs udisks2 lxpolkit, nikatoka na kuingia upya. Hiyo lxpolkit ni ya kukuuliza nywila pale unapofungua diski ya ndani. Kwenye Openbox iandike kwenye faili la autostart, lile la programu za kuwaka ukishaingia, haijiwashi yenyewe.

Vijana, niwaambie kama kaka yenu. Mnashindana nani RAM yake imetumika kidogo, mnapongezana kwa picha za skrini, wakati mteja anataka karatasi yake mkononi. Kabla hujakataa kifurushi, kisome kazi yake. Mimi sikusoma, na niliyemwonyesha ubishi wangu alikuwa mtu mwenye haraka.

Kijana wa Sakina alinijibu alfajiri: flashi imetokea, ila sasa PDF zinafunguka kwenye GIMP, programu ya kuhariri picha. Nimemwelekeza abofye faili kitufe cha kulia, achague programu anayoitaka, atie tiki pale pa kuifanya ya kudumu. Dakika moja.

Binti wa flashi nyekundu napishana naye mara kwa mara. Ananisalimia vizuri tu, halafu anaingia kwa jirani.