Kutubu dhambi ileile kila juma: jibu la aliyewahi kuwa mhazini wa kwaya

Bwana Yesu asifiwe, ndugu yangu. Umeuliza kama Mungu huchoka na mtu anayetubu dhambi ileile kila juma, na kama ingekuwa heri uache kuikaribia Meza ya Bwana, yaani Ushirika Mtakatifu, hadi utakapoishinda dhambi hiyo. Naomba nikujibu kwa yaliyonipata mwenyewe, kwa sababu nilikaa karibu miaka miwili nikitubu kila usiku bila kutubu.

Nilikuwa mhazini wa kwaya katika usharika mmoja wa Kilutheri mkoani Kilimanjaro. Mwaka 2011 tulikuwa tukichanga fedha za kununua kinanda, na duka langu lilipoanza kuyumba nikachukua shilingi 480,000, nikijiambia kwamba nimekopa tu na nitarudisha baada ya msimu wa kahawa. Msimu ukapita, nikaandika katika daftari manunuzi ambayo hayakufanyika. Kila usiku nilipiga magoti na kulia, na machozi yalikuwa ya kweli. Kila Jumapili nilisimama kwenye sauti ya nne nikaimba. Leo naona kwamba yale yalikuwa majuto ya mtu anayeogopa kukamatwa, ambaye humwendea Mungu ili asilazimike kuwaendea watu.

Kilichonivunja hakikuwa mahubiri. Mtoto wetu aliugua akalazwa wiki tatu, na wanakwaya, bila kuombwa, wakakubaliana kwamba kinanda kisubiri na fedha zilizokwisha kuchangwa zilipie matibabu yake. Kwa kuwa kisanduku kilikuwa kwangu, waliniambia nizihesabu mwenyewe na kwenda nazo hospitalini. Nilizihesabu usiku, mke wangu akiwa wodini, na nilipofika mwisho wa zile noti sikuweza kuinuka kitini. Siku ya kuumbuliwa nilikuwa nimejiandaa nayo kwa muda mrefu, hata majibu nilikuwa nayo; siku ya kuhurumiwa sikuwa nimeiwazia kamwe.

Katika Warumi 2:4 Paulo anasema kwamba wema wa Mungu wakuvuta upate kutubu. Aya hiyo niliisikia tangu darasa la kipaimara, lakini sikuwahi kusimama kwenye lile neno "wakuvuta". Mimi nilidhani kwamba mtu hutubu kwanza, kisha Mungu hulainika. Kumbe hata katika mfano wa mwana mpotevu, Luka 15, baba anamwona mwanawe angali mbali, anakwenda mbio, anamwangukia shingoni, na yote hayo yanatendeka kabla kijana hajafungua kinywa. Kijana alikuwa ametunga maneno ya kuomba afanywe kama mmoja wa watumishi, na alipofika, ombi hilo halikupata nafasi ya kutamkwa, kwa maana baba alikwisha kuagiza vazi. Nami nilikuwa na hotuba yangu, yenye mpango wa malipo wa miezi 18. (Mwenye duka hata toba yake huiandikia hesabu.)

Nilikwenda kwa mchungaji, kisha kwa wazee wa kanisa, kisha mbele ya kwaya. Nisikudanganye: watu hawakukimbia kunilaki. Dada mmoja wa sauti ya pili hakunisalimu kwa muda mrefu, na alikuwa na haki. Nilivuliwa uhazini, nikatengwa na Meza ya Bwana kwa miezi kadhaa hadi niliporudi kundini mbele ya usharika wote, na deni nililimaliza mwaka 2014. Wapo wanaoona malipo hayo kuwa ishara kwamba sikuwa nimesamehewa kweli. Wamsome vizuri Zakayo, yule mtoza ushuru wa Luka 19: Yesu alisema atashinda nyumbani mwake kwanza, na baada ya hapo ndipo Zakayo aliposimama akasema kwamba atawarudishia mara nne aliowanyang'anya. Hakulipa ili Bwana aingie.

Sasa nirudi kwenye hali yako, ambayo si sawa na yangu, kwa kuwa wewe unapigana na dhambi yako na mimi nilikuwa nimeificha. Katika Luka 17:4 tumeagizwa kumsamehe ndugu anayekosa mara saba katika siku moja na kurudi mara saba akisema, "Nimetubu". Wala haisemwi kwamba makosa hayo saba ni ya namna mbalimbali. Sioni jinsi anayetuagiza hivyo angekuwa yeye mwenyewe na subira fupi kuliko hiyo. Luther pia, katika Katekisimo Ndogo, kitabu chake kifupi cha mafundisho cha mwaka 1529, alifundisha kwamba mtu wa kale ndani yetu, yaani asili yetu ya dhambi, azamishwe kila siku kwa majuto na toba, na asingesema "kila siku" kama mtu huyo wa kale angekuwa anazama mara moja tu.

Kwa hiyo usiiache Meza. Kwa mujibu wa Luka, Petro alipokea mkate na kikombe usiku uleule alioambiwa kwamba kabla jogoo hajawika atamkana Bwana mara tatu, na aliyempa alijua. Ila mtafute mtu mmoja aliyekomaa katika imani, mchungaji wako au mzee unayemwamini, umwambie dhambi hiyo kwa jina lake, maana yangu iliota mizizi kwa kukaa gizani. Ukimkosa, niandikie faraghani. Mimi bado naimba sauti ya nne, na kisanduku cha fedha kinashikwa na yule dada wa sauti ya pili, ambaye nami nilimpigia kura.