Mtoto hashibi baada ya upasuaji wa ubongo: si ulafi

Dada, pole sana. Umeandika kwamba mwanao wa miaka 9 alitolewa uvimbe kichwani, ndani ya miezi 5 ameongezeka kilo 13, usiku anaamka kutafuta chakula, na mawifi wanasema umemdekeza. Kwako nimejiona mimi mwenyewe nilivyokuwa mwaka 2017.

Mwanangu naye alikuwa na uvimbe kichwani uitwao kraniofaringioma. Si saratani, lakini huota pabaya, jirani na tezi ya pituitari, inayoongoza homoni za mwili, na sehemu ya ubongo iitwayo haipothalamasi. Hiyo haipothalamasi ni ndogo kama lozi, na ndiyo inayopokea habari kwamba tumbo limetosha na akiba ya mwili ipo. Mafuta ya mwilini hutoa homoni ya leptini kuipelekea habari hizo. Sehemu hiyo ikiumizwa na uvimbe, au na upasuaji wa kuutoa, habari zinafika lakini hakuna wa kuzipokea. Mtoto amemaliza ugali sasa hivi, ubongo unaamini hajala tangu jana.

Tulimpunguzia chakula. Miezi 2 nilipima kila kitu kwa kikombe, kilo zikazidi kupanda, nikaamini anaiba. Siku moja nilimchapa kwa sababu ya mkate, na mpaka leo inaniuma. Baadaye daktari wa homoni akanieleza kwamba jeraha lile pia huufanya mwili utumie nguvu kidogo, na kongosho kumwaga insulini kupita kiasi, basi hata chakula kidogo huwekwa kama mafuta.

Hapa nakusihi. Watakuja watu kukwambia vidonge vya homoni ya haidrokotisoni ndivyo vinavyomnenepesha, uviache. Mimi nilimsikiliza ndugu mmoja, nikaviacha siku 2. Mtoto akalegea, akatapika, tukamkimbiza hospitali usiku. Mwili wake hauwezi tena kujitengenezea homoni hiyo ya kutosha, na bila vidonge anaweza kufa. Kweli, dozi ikizidi inanenepesha, kwa hiyo muulize daktari kama inalingana na mwili wake, na homoni ya tezi ya shingo ipimwe pia. Usipunguze mwenyewe. Akipata homa, dozi huongezwa: omba uandikiwe kiasi gani, ubandike ukutani.

Jikoni tuliweka kufuli, lakini tulikaa naye kwanza tukamwambia si adhabu. Akasema, "Afadhali, mama." Alikuwa amechoka kupambana na ile njaa. Chakula tunapakua jikoni, sufuria haiji mezani. Shuleni nilipeleka barua ya daktari, maana walimu nao walikuwa wanamwita mlafi. Sasa ana miaka 16. Kilo hazijashuka, ila zimeacha kukimbia.

Hebu nijibu: akiamka usiku, anakunywa maji mengi sana na kukojoa kila mara? Kama ndiyo, usingoje tarehe ya kliniki, mpeleke kesho.