Joto la Malindi si sababu ya oili nzito

Maswali ya wiki hii karibu yote yametoka kwa wenye Vitz, Passo, Demio na Fit, na yote yanazunguka oili ya injini.

Nina Vitz ya 2012 yenye VVT-i. Fundi ananiambia Malindi ni joto, niweke 20W-50 kwa sababu nyepesi "inageuka maji". Nimsikilize? (Mama wa Barani)

Hapana, dada yangu. Ushauri huu nausikia kila gereji ya Pwani, na umeharibu injini nyingi nzuri. Injini ikishapata moto haijui kama iko Malindi au Limuru. Thamostati, kile kidude kinachodhibiti joto la injini, huyaweka maji ya rejeta kwenye nyuzi 90 hivi, na oili nayo hufika 100 au kupita. Namba ya pili kwenye kopo, ile 30 au 50, inaeleza uzito wa oili kwenye nyuzi hizo 100. Namba yenye W inaeleza inavyotiririka ikiwa baridi. W ni ya "winter", yaani kipupwe. Kwa hivyo jua letu la Februari limeshahesabiwa.

Sasa VVT-i. Mtambo huo hutumia msukumo wa oili yenyewe kubadilisha wakati wa valvu kufunguka, na oili hiyo hupita kwenye vitundu vyembamba mno. Ukitia 20W-50, asubuhi unapowasha gari oili inachelewa kupanda juu, vyuma vinasagana vikavu, na petroli inaliwa zaidi. Weka 5W-30. 0W-20 pia inakubalika kwa Vitz za miaka hiyo, lakini kama mara kwa mara unapakia watu watano na mizigo kwenda Mombasa, mimi ningebaki na 5W-30. Hiyo 20W-50 waachie wenye pikapu kuukuu za kabureta.

Kitabu cha gari langu ni cha Kijapani kitupu. Nitajuaje oili yake? (Msomaji, Watamu)

Namba hazikuandikwa Kijapani. Tafuta ukurasa wenye 0W-20 au 5W-30, na hapo hapo utaona lita ngapi. Magari haya mengi hula kati ya 3 na 4 ukibadilisha na filta. Tazama pia kifuniko cha kutilia oili, mara nyingi kimeandikwa.

Gari langu ni la kwenda sokoni na kurudi Shella tu. Kilomita 5,000 za kubadilisha oili zitanichukua mwaka. Nisubiri zifike? (Bw. mstaafu)

Usisubiri, mzee wangu. Safari fupi ndizo zinazoichosha oili. Injini haipati moto wa kutosha kukausha unyevu na petroli iliyochuruzika ndani, kwa hivyo oili inachafuka gari likiwa halijaenda popote. Niliwahi kufungua injini ya gari la namna hiyo, kilomita chache, rangi ingali inang'aa. Chini ya kifuniko cha valvu palikuwa na tope jeusi kama lami. Mwenyewe alikuwa akihesabu kilomita tu. Badilisha kila miezi sita. Na kila Ijumaa gari likiwa limepoa, mahali tambarare, chomoa kijiti upime. Oili ikae kati ya alama mbili. Ikizidi ya juu nayo ni hatari, maana inapigwa na kufanya povu.

Oili ya bei rahisi sana, nitajuaje si bandia? (Dereva wa teksi, Majengo)

Tazama kifuniko kama kimewahi kufunguliwa, alama ya KEBS (shirika la viwango la Kenya), na herufi za API, yaani daraja la ubora wa oili: SN ilianza 2010, SP 2020, na SP inafaa palipotakiwa SN. Kopo lako likiisha, litoboe kabla ya kulitupa. Makopo mazima ndiyo yanayojazwa upya na kurudi dukani.

Naweza kutia oili ya gari kwenye bodaboda? (Kijana, Mambrui)

La. Klachi ya pikipiki nyingi inaoga kwenye oili hiyo hiyo ya injini, na oili nyingi za magari zina vilainishi vinavyoifanya iteleze. Tafuta kopo lenye JASO MA, alama ya oili ya pikipiki zenye klachi ya namna hiyo.

Fundi humwaga oili chafu nyuma ya banda. Kuna ubaya? (Mama huyo huyo wa Barani)

Upo, na mkubwa. Mchanga wetu hauzuii kitu, na nyumba nyingi bado zinategemea visima. Mwambie airudishe kwenye galoni, aifunge, na aipeleke kwa wanaokusanya oili chafu. Akikataa, ichukue wewe mwenyewe ukiondoka na gari lako.