Jiwe la Tochi Lipime kwa Mizani

Usiku ule ulikuwa wa bamvua, mwezi mwandamo, giza hata ukitiwa kidole cha jicho huoni. Mdogo wangu alikuwa mbele na mkuki, mimi nyuma na tochi, tumeshuka pwani ya Micheweni, Pemba, kutafuta pweza na kamba. Aliyezaliwa pwani hii anaijua hesabu yake: wakati wa bamvua maji hukupwa sana mnamo saa nne, saa tano, mchana na usiku, na baina ya maji kupwa na maji kujaa ni kama mita nne. Yakianza kurudi hurudi kwa kasi, na hujaza kwanza mifereji iliyo nyuma yako, baina yako na nchi kavu. Tulikuwa karibu na ukingo wa mwamba, maji yameshageuka, tochi ilipozimika.

Haikufifia. Ilizimika mara moja, kama iliyobonyezwa.

Nilikuwa nimeichaji jioni ile ile mpaka taa ya chaja ikawa kijani. Betri yenyewe, ya lithiamu, imeandikwa kwa herufi nene 9900 mAh, kiasi cha umeme inachodai kubeba, na ilikuwa haijawaka hata saa nzima. Tulirudi kwa mwanga wa simu, mdogo wangu akiniambia kila hatua, "Kaka, hapa pana shimo, pita kulia," na mfereji wa mwisho tuliuvuka maji yakiwa kifuani. Tangu siku ile sijaacha kuzisoma betri hizi, kuzipima na kuwauliza mafundi, na haya ndiyo niliyoyapata. Nayaandika kwa ajili ya wanaoshuka pwani usiku, wanaolinda karafuu zilizoanikwa, wanaotoka alfajiri kwenda msikitini katika njia zenye nyoka.

Kwanza hilo la kuzimika ghafla. Sisi tuliokulia kwenye tochi za mawe makubwa, yaani betri za kizamani, tumezoea tochi kuaga. Mwanga hugeuka manjano, kisha mwekundu, na unajua umebakiwa na muda wa kufika nyumbani. Betri ya lithiamu haiagi. Hushikilia volti zake vizuri kwa sehemu kubwa ya chaji, kisha mwishoni huanguka kwa haraka; na kama ina saketi ya ulinzi ndani yake, saketi hiyo hukata umeme kabisa ili betri isife. Inailinda betri, haikulindi wewe uliye katikati ya mwamba. Kwa hiyo tochi ya lithiamu haibebwi peke yake baharini. Ya pili, hata ikiwa ndogo kama kidole, iwe shingoni.

Siku ya pili yake nilikwenda Chake Chake kwa fundi wa redio ninayemwamini. Hakuanza na testa, kile kipima volti. Alinirudishia betri yangu mkononi, kisha akaniwekea nyingine kwenye mkono wa pili.

"Mwalimu, ipi nzito?"

Sikuhitaji kufikiri. Tukavuka barabara hadi kwa sonara tukaomba mizani yake ya dhahabu: ya fundi gramu 47, yangu gramu 31. Betri ya kweli ya saizi ile, inayoitwa 18650, huwa na gramu 45 hadi karibu 50, kwa sababu kinachobeba umeme ni shaba, alumini na madini yaliyopakwa juu yake, vyote vimeviringishwa na kubanwa ndani ya kopo la chuma. Hakuna namna ya kuongeza umeme mara tatu na wakati huo huo kupunguza uzito. Betri za uongo zimeshapasuliwa na watu zikakutwa na seli ndogo katikati, na nafasi iliyobaki imejazwa unga. (Usijaribu kuipasua wewe. Moshi wake ni sumu na moto wake ni wa ghafla.)

Maandishi yanayotuchanganya ni mawili. La kwanza ni 18650. Hiyo si nguvu, ni vipimo vya mwili wake: upana milimita 18, urefu milimita 65, na sifuri ya mwisho inaonyesha kuwa ni ya mviringo. Kuna na 21700, milimita 21 kwa 70, nene kidogo, ambayo tochi nyingi mpya zinaitumia. La pili ni mAh, yaani umeme inaoweza kuuhifadhi. Hapa ndipo uongo unapokaa. 18650 nzuri kabisa hubeba kama 3500. 21700 nyingi nzuri ni baina ya 4000 na 5000. Ukiona 18650 imeandikwa 6800 au 9900, irudishe kwenye kabati la muuzaji. Hesabu yake ni nyepesi: tochi inayokula ampea moja, yaani mAh 1000 kila saa, itawaka saa tatu kwa betri ya 3000 mAh. Yangu ya "9900" ilipopimwa kwa chaja inayohesabu ilitoa chini ya 1000. Kama ningejua hivyo, nisingemtoa mdogo wangu nyumbani usiku ule.

Sony ndiyo iliyoziuza betri za aina hii kibiashara kwanza, mwaka 1991, na biashara yake ya betri ilichukuliwa na Murata mwaka 2017. Wengine wanaotengeneza seli za kuaminika ni Panasonic, Samsung, LG na Molicel. Viwanda vingi vya tochi hununua seli kwa hawa, vikazivika ganda lenye jina lao. Lakini majina haya nayo huigizwa, ganda la plastiki ni rahisi kuchapwa, ndiyo maana mimi nimeamini mizani kuliko jina. Ukienda kununua, nenda na mizani ndogo ya jikoni au mwombe sonara. Muuzaji mwaminifu hatakasirika.

Kuna pia betri zinazotolewa kwenye kompyuta mpakato zilizokufa. Nyingi kwa asili ni seli nzuri, na fundi anayejua kuzipima anaweza kukupa iliyobakiwa na nguvu kwa bei ya chini. Kwa tochi ya nyumbani, ya kuchambulia karafuu usiku na kutenga makonyo, yaani vijiti vyake, sina neno. Kwa bahari, hapana. Hujui imelala miaka mingapi, na betri ya lithiamu huzeeka hata ikikaa bure.

Angalia na kichwa cha betri. Nyingine zina chuchu upande wa chanya, nyingine ni bapa, na tochi nyingine haziwaki kwa bapa. Zenye saketi ya ulinzi huwa ndefu kwa milimita chache, kwa hiyo zaweza kukataa kuingia kwenye tochi iliyobana. Usizilazimishe kwa kukaza kifuniko. Mimi nachagua zenye ulinzi kwa tochi ya kawaida. Na kama tochi yako inatumia mbili zilizofuatana, zinunue pamoja, zitumie pamoja, zichaji pamoja. Ukichanganya kongwe na mpya, dhaifu itaisha mapema na mwenzake ataendelea kuisukuma kinyume mpaka iharibike, na hapo ndipo ajali hutokea.

Jirani yetu mmoja aliunguza redio ya mama yake kwa betri ndogo inayoitwa 14500. Ina umbo lile lile la jiwe dogo la kawaida, inaingia bila taabu, ila jiwe lina volti 1.5 na hii ikijaa ina 4.2. Alitia mbili. Bi mkubwa alibaki Ramadhani nzima bila redio yake ya kusikilizia wakati wa kufuturu.

Kuchaji ndiko kunakohitaji adabu zaidi. Betri hizi hujaa zikifika volti 4.2, na chaja nzuri huacha hapo. Chaja za bei ya kutupa mara nyingine haziachi. Dawa yake ni testa, ile ya kawaida ya fundi: taa ikishakuwa kijani, itoe betri uipime. Ikisoma 4.15 hadi 4.20, chaja yako salama. Ikipita 4.25, chaja hiyo usiitumie tena hata mara moja. Kisha iache betri wiki nzima bila kuitumia uipime tena. Nzima hubaki juu ya 4.1. Inayoshuka sana huku imelala inavuja umeme ndani kwa ndani, usiiamini.

Ichaji juu ya sakafu ya saruji au sahani ya bati, si juu ya godoro wala mkeka, na si wakati umelala. Ampea nusu hadi moja inatosha. Ya 3000 mAh kwa ampea moja itachukua saa tatu hadi nne, na haraka ya nini? Umeme ukikatika, chomoa chaja usingoje urudi, maana ukirudi mara nyingine hurudi na vishindo. Na wale wenye paneli ya jua kwenye paa, nawasihi: msiunganishe waya za paneli moja kwa moja kwenye betri. Paneli ndogo ya volti 6 haijui kuacha kwenye 4.2. Pitisheni kwenye chaja. Tena taa nyingine za sola zina betri za lithiamu za jamaa nyingine, zilizoandikwa volti 3.2, ambazo hujaa kwenye 3.65 hivi. Hizo zina chaja yao.

Kuna tabia moja tuliyorithi ambayo lazima tuiache. Mawe ya zamani yalipochoka tulikuwa tukiyaanika juani, hata kuyang'ata kwa meno, yakapata uhai wa usiku mmoja. Nimeona kwa macho yangu kijana akiianika betri ya lithiamu juu ya bati la paa saa saba mchana. Joto ndilo adui yake mkubwa: linaizeesha, na likizidi linaiwasha. Iweke penye kivuli na upepo, mbali na jiko na mbali na dirisha linaloingiza jua. Na haina haja ya kumalizwa kabisa kabla ya kuchajiwa kama tulivyokuwa tukiambiwa zamani; hii ikichajiwa ikiwa nusu ndiyo inaishi zaidi.

Ukitaka kuihifadhi miezi, tuseme baada ya msimu wa karafuu, iache ikiwa nusu, volti 3.7 au 3.8. Hapo nina pingamizi kidogo na wanaosema zote zihifadhiwe nusu. Kisiwani huwezi kuishi hivyo. Ndugu zetu wa Unguja walikaa gizani kama miezi mitatu, kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, na Pemba kabla ya waya wa chini ya bahari kutoka Tanga mwaka huo wa 2010 tulikuwa tukitegemea majenereta. Kwa hiyo nyumbani kwangu betri moja hukaa imejaa siku zote kwa dharura, nikikubali kuwa itazeeka mapema, na kila miezi michache naizungusha na mwenzake.

Chumvi. Tochi ikitoka baharini isuuze kwa maji baridi yasiyo ya chumvi ikiwa imefungwa, ikaushe, ndipo uifungue, kwa mikono mikavu. Futa ncha za betri, springi na nyuzi za kifuniko kwa kitambaa chenye spiriti kidogo. Ukiona rangi ya kijani au nyeupe, hiyo ni kutu ya chumvi inayokula umeme wako. Ringi ya mpira ipake grisi ya silikoni. Betri iliyolala ndani ya maji ya bahari usiikaushe kuirudisha kazini. Imekwisha.

Ganda la plastiki likichanika, hasa karibu na chanya, usiitumie mpaka fundi aivishe jipya. Kopo lote la chuma ni hasi, na mkwaruzo mdogo pale juu watosha kupiga shoti. Kwa sababu hiyo hiyo haiwekwi mfukoni pamoja na funguo au sarafu. Mimi natumia kikopo cha plastiki chenye kifuniko. Ukisafiri kwa ndege, betri za akiba ni za mkoba wa mkononi, hazitiwi kwenye sanduku linalokwenda chini. Na iliyosahaulika mpaka ikashuka chini ya volti 2 usiifufue, hata kama fundi atakwambia anaweza. Ndani yake shaba imeshaanza kuyeyuka, na ikichajiwa yaweza kupiga shoti yenyewe.

Iliyokufa bandika ncha zake kwa utepe umpelekee fundi anayekusanya. Nasisitiza hili kwa sababu kwetu taka tunazichoma nyuma ya nyumba, na watoto ndio wanaotumwa kuwasha moto. Ikiwa betri inafuka moshi, toa watu kwanza, usiivute hewa ile. Kama chaja bado imechomekwa, zima swichi kuu. Ukiweza kuifikia salama, imwagie maji mengi, na uendelee kumwaga hata moto ukionekana umezimika, kwani joto lake hurudi.

Betri zangu zote sasa zina tarehe iliyoandikwa kwa kalamu ya wino mzito, siku niliyonunua, na uzito wake. Kongwe kuliko zote ilianza na saa tatu za mwanga na sasa inatoa mbili na robo, kwa hiyo nimeitoa baharini. Mke wangu anaitumia ukumbini wakati wa kuchambua karafuu. Ya gramu 48 iko kwenye tochi, ya gramu 47 kwenye kikopo, na ile tochi ndogo amevaa mdogo wangu shingoni. Bamvua la mwezi huu tunashuka Ijumaa.